UCHAMBUZI: Malkia wa sisimizi hutaga kifungoni, lakini hazaliwi humo

Na Mwandishi Wetu, Moshi

Tarehe 7 Mei 2025, mahakama iliyopo katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, Nairobi, iliwahukumu watu wanne kulipa faini ya Shilingi milioni moja za Kenya kila mmoja au kutumikia kifungo cha miezi 12 jela. Mzigo uliowafikisha kizimbani haukuwa pembe za ndovu, ngozi ya chui wala magamba ya kakakuona. Ulikuwa sisimizi hai. Vijana wawili raia wa Ubelgiji, wenye umri wa miaka 19, walikamatwa mapema Aprili mwaka huo katika nyumba ya wageni Kaunti ya Nakuru wakiwa na malkia wa sisimizi wapatao 5,000 waliofungashwa ndani ya vichupa 2,244 vyenye pamba. Wawili wengine, raia wa Vietnam na Mkenya, walikutwa na sisimizi wapatao 400 katika shauri tofauti.

Walioisikia habari hiyo mkoani Kilimanjaro wanaweza kuwa waliipokea kwa kicheko. Sisimizi yumo jikoni, yumo kihambani, yumo ndani ya mtungi wa sukari, na hakuna mama wa Kibosho au Marangu aliyewahi kuomba kibali ili amwagie majivu. Hata hivyo, hukumu hiyo imegusa jambo linaloihusu Tanzania moja kwa moja. Nyasi za tambarare zilizo chini ya Mlima Kilimanjaro haziishii mpakani Holili wala Tarakea. Wadudu wanaoishi upande mmoja hawatambui alama za mpaka, na mnunuzi aliyezuiwa upande mmoja anaweza kuvuka kwenda upande wa pili. Ni vyema basi mwananchi akafahamu biashara hii inahusu nini, kwa nini malkia ndiye anayetafutwa, na kwa nini maelezo kwamba "tunakwenda kuwafuga" hayatoshi kuiondolea madhara.

Sisimizi aliyekuwa akitafutwa zaidi Kenya ni yule anayefahamika kitaalamu kama Messor cephalotes, sisimizi mkubwa mwenye rangi nyekundu anayevuna mbegu za nyasi na kuzihifadhi ghalani chini ya ardhi. Wapenzi wa kufuga sisimizi barani Ulaya na Asia humthamini kwa ukubwa wake na kwa namna makundi yake yanavyopanga kazi. Katika maduka ya mtandaoni ya Ulaya, malkia mmoja ametangazwa kwa bei inayofikia takriban Dola za Marekani 220. Mamlaka za Kenya zilikadiria thamani ya mzigo wa Nakuru kuwa takriban Shilingi milioni moja za Kenya, yaani kama Shilingi 200 kwa kila sisimizi. Kwa bei ya Ulaya, mzigo huohuo ungezidi Dola milioni moja. Pengo kati ya hesabu hizo mbili ndilo linalomfanya mtu apande ndege kutoka mbali kuja kuokota wadudu.

Anachonunua mteja wa Ulaya ni jike mmoja aliyekwisha kujamiiana, akiwa na matumaini kwamba atataga mayai ndani ya kichupa na kuanzisha kundi mezani kwake. Kibarua mmoja wa sisimizi hana thamani yoyote sokoni, kwa sababu hawezi kuanzisha kundi na maisha yake ni mafupi. Malkia ni jambo jingine. Katika rekodi zinazojulikana, malkia mmoja wa sisimizi mweusi wa bustani wa Ulaya aliishi kifungoni zaidi ya miaka 28. Kwa hiyo anayemchukua malkia mmoja huchukua pia kizazi chote ambacho kingetokana naye.

Namna malkia huyo anavyopatikana inaeleweka kwa yeyote aliyeishi katika ukanda huu. Mvua za masika au za vuli zinapoanza kulainisha ardhi, makundi yaliyokomaa huachia madume na majike wenye mbawa. Hukutana angani au karibu na ardhi, hujamiiana, kisha madume hufa. Jike hushuka, huzivunja mbawa zake mwenyewe na kuanza kutafuta pa kuchimba. Katika saa hizo chache, kabla hajajifukia, ndipo anapookotwa. Hapa yafaa kutofautisha: kumbikumbi wanaokusanywa wakati huohuo wa mvua na kukaangwa ni mchwa, na mchwa si sisimizi, ingawa wote huruka baada ya mvua na wote huangusha mbawa. Na wale wadudu wakubwa wa rangi ya kahawia, wenye mwili mnene kama soseji, wanaojigonga kwenye taa za baraza wakati wa mvua, wengi wao ni madume wa siafu.

Kilicho cha ajabu zaidi hutokea baada ya hapo. Jike huyo amebeba ndani ya mwili wake mfuko mdogo uliojaa mbegu za kiume alizozipokea katika mruko ule mmoja, na ndizo atakazozitumia maisha yake yote. Hatajamiiana tena. Katika spishi nyingi, akiwemo huyu mvunaji wa mbegu, malkia hujifungia chumbani na hali chochote kwa wiki kadhaa. Misuli mikubwa aliyoitumia kurukia, ambayo sasa haina kazi, huyeyushwa mwilini pamoja na akiba ya mafuta na kuwa chakula cha mayai na mabuu ya kwanza. Vibarua wa kwanza hutoka wakiwa wadogo kuliko kawaida, kwa kuwa wamelelewa kwa akiba ya mama peke yake. Wao ndio hufungua mlango, hutoka nje na kuleta chakula.

Kichupa kilichokamatwa Nakuru kimeundwa kuiga chumba hicho. Maji huwekwa upande mmoja na kuzuiwa kwa pamba iliyokazwa ili yasimfurikie malkia bali yampe unyevu. Yeye hukaa sehemu kavu. Pamba nyingine huziba mdomo wa kichupa na kupitisha hewa. Baada ya hapo panahitajika giza, joto la wastani na utulivu. Wafugaji wazoefu husema kosa kubwa la anayeanza ni udadisi: kukifungua kila siku, kumulika taa, kukitikisa ili kuona kama mayai yamepatikana. Malkia aliyesumbuliwa huacha kutaga, au huyala mayai aliyokwisha kuyataga, kwa sababu kwake mtikisiko ni ishara kwamba chumba si salama na akiba ya mwili haipaswi kupotezwa bure. Hata utaratibu wa kumpa chakula hutegemea spishi. Anayejifungia kabisa hahitaji kitu, na sukari au kipande cha mdudu huleta ukungu unaomuua. Lakini wapo malkia wanaotoka kuwinda wakati wakilea, kama walivyo baadhi ya jamaa wa wale sisimizi weusi wakubwa tunaowaita sungusungu, na hao wakifungiwa bila chakula hufa njaa.

Hali ya hewa ya mteremko wa Kilimanjaro nayo ni somo. Mji wa Moshi upo kati ya mita 800 na 900 hivi juu ya usawa wa bahari. Vijiji vya juu vya ukanda wa migomba na kahawa vinapita mita 1,500. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi. Mayai na mabuu ya sisimizi hukua kwa kufuata joto. Malkia wa tambarare akipelekwa katika nyumba yenye baridi ya Julai, mayai yake huchelewa sana na akiba yake ya mwili inaweza kwisha kabla kibarua wa kwanza hajatoka. Wale waliokusudiwa kusafirishwa hadi Ulaya wangepita katika maghala, mizigo na ofisi za posta zenye joto na baridi zinazobadilika kila saa.

Jike mwenye mbawa zilizovunjika pia anaweza kuwa hajajamiiana, kwa maana kuangusha mbawa hakuthibitishi kitu. Jike wa namna hiyo hutaga vilevile, na mnunuzi hufurahi, lakini mayai yasiyorutubishwa ya sisimizi kwa kawaida hutoa madume tu. Kundi la madume halina kibarua hata mmoja na hufa. Mtu akiokota maelfu kwa pupa baada ya mvua, hana namna ya kuwabagua. Sehemu ya mzigo wake ni majike wasio na uwezo wa kuanzisha chochote, sehemu itakufa njiani, na hasara hiyo yote imekwisha kuingizwa katika hesabu ya bei.

Katika mjadala huu ipo hoja inayotolewa na watetezi wa biashara, nayo inastahili kujibiwa kwa uadilifu. Wanasema kwamba porini karibu malkia wote hufa: huliwa na ndege, mijusi na sisimizi wengine, au hukauka kabla ya kuchimba. Basi aliyeokotwa, wanasema, alikuwa anakwenda kufa. Ni kweli kwamba wengi hufa. Lakini hesabu hiyo hailindi biashara, kwa sababu anayeokota hachagui wale watakaokufa. Huchukua pia wale wachache ambao wangefaulu, na hao ndio wanaoziba nafasi za makundi ya zamani yanayokwisha. Kwa kuwa kundi lililokomaa huishi miaka mingi, athari haionekani mwaka wa kwanza wala wa pili. Viota vya zamani vinaendelea kuonekana vimejaa vibarua, mtu akapita akasema sisimizi wapo tele, kumbe hakuna vijana wanaovirithi.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo uchambuzi huu unaliona kuwa kiini cha suala zima. Kumfanya malkia aliyekamatwa atage ndani ya kichupa kunawezekana, na kwa spishi nyingi si kazi ngumu. Kumzalisha malkia mpya ndani ya kichupa ni jambo jingine kabisa. Kundi linahitaji muda mrefu kukomaa hadi litoe majike na madume wenye mbawa, na hao katika spishi nyingi hawajamiiani ila kwa mruko wao wa asili, unaochochewa na mvua na hali ya hewa na kuyakutanisha makundi mengi ya eneo moja kwa wakati mmoja. Mambo hayo hayaigiziki mezani. Kwa hiyo biashara ya malkia wa sisimizi, hata inapojiita ya ufugaji, kwa sehemu kubwa hurudi porini kila msimu kutafuta mzigo mpya. Kuku anayetaga bandani hutuletea kuku wa kesho. Malkia anayetaga kichupani hutuletea vibarua tu.

Tofauti hii inaonekana wazi tukiwatazama vipepeo wa Amani, katika Milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga. Kuanzia mwaka 2003 wanavijiji wa huko walifuga vipepeo kwa ajili ya kuuza pupa nchi za nje, ambako huangulia katika bustani za maonesho. Jike wa kipepeo hutaga ndani ya kizimba cha neti, viwavi hulishwa majani ya miti iliyopandwa shambani, na kizazi kinachofuata hupatikana humohumo kizimbani. Wa porini huhitajika mara mojamoja tu. Kwa mkulima wa Amani msitu uliosimama ulikuwa na faida. Mradi huo uliumia sana mwaka 2016, Serikali ilipopiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, na wapo waliouliza kwa nini kipepeo aliyefugwa awekwe kapu moja na tumbili aliyenaswa. Swali lao lilikuwa na msingi. Lakini mtu akitaka kulitumia swali hilohilo kumtetea mwokotaji wa malkia wa sisimizi, hoja haisimami, kwa sababu mzunguko wa uzazi haufungiki.

Marufuku ya mwaka 2016 yana historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo imeandikwa mkoani humu. Novemba 2010, zaidi ya wanyama na ndege hai 130, wakiwemo twiga wanne, walisafirishwa kwenda Qatar kupitia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA). Shauri lake lilisikilizwa Moshi, na Desemba 2014 mshitakiwa mmoja raia wa Pakistan alihukumiwa kifungo cha miaka 60 bila yeye kuwepo mahakamani. Machi 2016, katika uwanja huohuo, tumbili 61 walizuiwa kabla ya kupelekwa Albania. Miezi miwili baadaye, aliyekuwa Waziri wa Maliasili na Utalii, Profesa Jumanne Maghembe, alitangaza katazo la miaka mitatu. Juni 2022, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA) ilipotoa tangazo la kuruhusu kwa miezi sita wafanyabiashara kusafirisha wanyama waliokuwa wamebaki katika mazizi yao, Waziri wa wakati huo, Balozi Dkt. Pindi Chana, alilisitisha mara moja.

Twiga huonekana. Tumbili hupiga kelele. Sisimizi 5,000 huingia katika mkoba wa begani, na mashine ya ukaguzi iliyozoea kutafuta pembe haina sababu ya kushtuka kwa vichupa na pamba. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya (KWS) lilieleza kwamba kesi ya Nakuru inaonesha mabadiliko ya mwelekeo wa ujangili, kutoka wanyama wakubwa wanaofahamika na wote kwenda kwa viumbe wadogo wasiopewa uzito. Mahakama nayo haikukubali kwamba maelfu ya malkia yangeweza kuitwa burudani ya mtu binafsi.

Katika Mkataba wa Kimataifa wa Biashara ya Spishi zilizo Hatarini Kutoweka (CITES), sisimizi huyu hakuwa ameorodheshwa wakati wa kesi hiyo. Wapo wanaodhani kwamba kisichoorodheshwa ni ruhusa. Sivyo. Kila nchi ina sheria yake ya kibali, na ipo pia Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 kuhusu upatikanaji wa rasilimali za kijenetiki na mgawanyo wa haki wa faida zitokanazo nazo. Kenya iliitaja Itifaki hiyo katika shauri hili, na Tanzania nayo ni mwanachama. Kwa lugha rahisi, inasema kwamba kiumbe wa nchi fulani hachukuliwi bila nchi hiyo kujua, kukubali na kunufaika. Kwa upande wetu, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 ndiyo inayosimamia ukamataji, umiliki na usafirishaji wa wanyamapori. Ndani ya Hifadhi ya Taifa Kilimanjaro hakuna kuokota kiumbe chochote bila ruhusa, awe tembo au mdudu. Mtafiti, awe mgeni au mwenyeji, hupitia Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na, kwa masuala ya wanyamapori, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI).

Kuna upande wa pili wa mpaka unaosahaulika: wanaoingia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 kuhusu biashara ya sisimizi mtandaoni nchini China ulihesabu zaidi ya makundi 58,000 yaliyouzwa katika miezi sita, na takriban robo ya spishi zilizouzwa hazikuwa za asili ya nchi hiyo. Malkia mmoja aliyetoroka kichupani, aliyekwisha kujamiiana, ni kundi kamili linalosubiri udongo. Kwamba sisimizi mdogo anaweza kubadili nchi nzima ya nyasi limethibitika jirani yetu. Katika eneo la Laikipia nchini Kenya, sisimizi mvamizi mwenye kichwa kikubwa, Pheidole megacephala, amewaua sisimizi wenyeji wanaoishi katika migunga yenye miiba mivimbe na kuilinda dhidi ya tembo. Bila walinzi wao, miti ilivunjwa. Vichaka vilipopungua, simba walikosa pa kujificha wakati wa kuvizia. Utafiti uliotolewa katika jarida la Science mwezi Januari 2024 ulionesha kwamba sehemu ya pundamilia katika mawindo ya simba ilishuka kutoka asilimia 67 mwaka 2003 hadi asilimia 42 mwaka 2020, na simba wakageukia nyati.

Migunga ya aina hiyo na sisimizi wake ipo pia upande wetu. Mmoja wa sisimizi hao anaitwa Crematogaster sjostedti, jina la heshima kwa Yngve Sjöstedt, mtaalamu wa wanyama kutoka Sweden aliyeongoza msafara wa kisayansi Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906. Spishi hiyo ilitangazwa kwa ulimwengu wa sayansi mwaka 1907 kutokana na vielelezo vya msafara huo. Yaani sisimizi wa mlima huu walikwisha kuondoka hapa wakiwa wamewekwa katika spiriti, wakapewa majina Ulaya, zaidi ya miaka 100 kabla ya mtu kufikiria kuwauza wakiwa hai. Itifaki ya Nagoya ingekuwepo wakati ule, pengine leo mkusanyo mmoja wa kulinganishia ungekuwa unasomewa hapa nyumbani, tuseme katika Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka, kilicho kwenye mteremko wa mlima wenyewe.

Isidhaniwe kwamba elimu ya kumfanya malkia atage kifungoni ni ya wafanya magendo. Tanzania inayo, na imeitumia kwa manufaa ya mkulima. Maji moto, wale sisimizi wa rangi ya hudhurungi wanaoshona majani ya mwembe na mkorosho kuwa kiota, ni walinzi wa mazao waliofahamika tangu zamani. Mapema miaka ya 1950, mtafiti wa Kiingereza Michael Way alionesha huko Zanzibar namna wanavyoulinda mnazi dhidi ya mdudu anayefyonza na kuangusha nazi changa. Mdudu huyo baadaye alipewa jina la mtafiti mwenyewe. Katika muongo uliopita, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na Kituo cha Utafiti cha Naliendele, Mtwara, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Aarhus cha Denmark, walijaribu njia mbalimbali za kuwanasa malkia wa maji moto waliokwisha kujamiiana, ikiwemo kuwawekea viota bandia vya majani, na kuwalea hadi waanzishe makundi ya kupelekwa mashambani dhidi ya mbu wa mikorosho na wadudu wengine.

Kazi ya namna hiyo imefundisha jambo ambalo mwokotaji wa Nakuru hakuhitaji kulijua. Huko Benin, watafiti waliwapa malkia wachanga wa maji moto pupa kutoka makundi mengine, na makundi hayo yakakua haraka kuliko yale yaliyoachwa yenyewe. Zaidi ya hayo, malkia wenyewe walitaga mayai mengi zaidi. Sababu yaweza kukisiwa: pupa wanapogeuka vibarua, malkia hupata wasaidizi mapema, analishwa badala ya kujila mwenyewe, na mwili wake huweza kurudi katika kutaga. Kwa mkulima, maana yake ni kwamba kundi linafika mtini likiwa na nguvu ya kupigana msimu uleule. Malkia hawa nao hutoka porini, hilo halifichiki, lakini hawaondoki katika ikolojia yao. Hurudishwa katika mti wa eneo hilohilo kufanya kazi waliyoumbiwa.

Kwa vihamba vya Kilimanjaro somo hilo haliwezi kuhamishwa lilivyo. Maji moto ni sisimizi wa nchi ya joto, na katika kahawa si kila sisimizi ni rafiki: wapo wanaowachunga vidugamba na vidukari kama mifugo, wakinywa utamu wanaoutoa na kuwalinda dhidi ya maadui wao, jambo linalomwongezea mkulima kazi. Siafu, ambao kila mtoto wa Kilimanjaro amewahi kuwakimbia, hawafai kabisa kwa jaribio la kichupa. Malkia wa siafu hana mbawa maisha yake yote, hutaga mayai kwa mamilioni kwa mwezi akiwa amezungukwa na jeshi lake, na kundi huongezeka kwa kugawanyika mara mbili. Akitengwa peke yake hufa. Anayeahidiwa fedha kwa "malkia wa siafu" anapaswa kujua kwamba kumpata ni kulichimba na kuliharibu kundi zima, na kwamba hatafaa kitu kwa mnunuzi.

Linalobaki kwa Wizara ya Maliasili na Utalii na taasisi zake ni kulitamka suala la wadudu waziwazi, kwa majina, katika mafunzo ya maofisa wa viwanja vya ndege, posta na vituo vya forodha, na kuangalia upya namna wafugaji halali kama wale wa Amani wanavyoweza kutofautishwa na waokotaji. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), yenye makao makuu Arusha, inahusika na wadudu wanaoingia nchini kama TAWA inavyohusika na wanyamapori wanaotoka, na mzigo mmoja wa vichupa unaweza kuwahusu wote wawili kwa siku moja.

Mwananchi atakayefuatwa na mnunuzi wakati wa mvua, akapewa vichupa na pamba na kuahidiwa malipo kwa kila jike atakayemwokota, aulize kwanza kibali kipo wapi na kimetolewa na nani. Kama hakioneshwi, taarifa ipelekwe kwa ofisa wanyamapori wa halmashauri, ofisi ya TAWA iliyo karibu au kituo chochote cha polisi. Waliokwisha kukusanywa wasimwagwe popote barabarani wala kuhamishiwa kijiji kingine. Wabaki katika vichupa vyao, kivulini, hadi ofisa atakapofika.